Msaada: debaga ya JupyterLab haiwaki, halafu nataka kuitengenezea eksitensheni

mzee_wa_notibuku
Wakuu habari za kazi. Natumia JupyterLab 4 (ile programu ya kuandika na kuendesha kodi kwenye brauza) kwenye Ubuntu, kuna maelekezo ya kuweka debaga (kifaa cha kusimamisha kodi na kusaka makosa) nimeyafuata yanasema nipige `jupyter labextension install @jupyterlab/debugger`, inaleta makosa tu, na kile kitufe cha kidudu cha juu kulia, cha kuwasha debaga, kimefifia hakibonyezeki. Halafu kubwa zaidi nataka niandike eksitensheni yangu (programu ndogo ya nyongeza), kodi ikisimama kwenye brekipointi (mstari niliouwekea alama isimame) inionyeshe dataframe yote kama jedwali, maana hizi print kila mstari zinanichosha sana. Naanzia wapi?

fundi_keneli
Hayo maelekezo ni ya 2020 mkuu, enzi hizo debaga unaiweka mwenyewe na unahitaji xeus-python, keneli (programu inayoendesha kodi yako) iliyokuwa inakubali debaga. Tangu JupyterLab 3 imo ndani tayari. Tatizo lako ni keneli. Piga `jupyter kernelspec list --json`, uone kama keneli yako ina `"debugger": true`. Kama haina, ingia kwenye env (mazingira ya Python) ya hiyo keneli, `pip install -U ipykernel` (ndiyo keneli ya kawaida ya Python, iwe 6 kwenda juu), kisha `python -m ipykernel install --user --name kazi`. Hiyo ya mwisho usiiruke, watu wengi wanaapdeti paketi halafu faili la zamani la kernelspec (lenye maelezo ya keneli) linabaki vilevile wanashangaa.

dada_wa_taipskripti
Kabla hujaandika kitu, simama kwenye brekipointi, bofya kulia jina la variable kwenye paneli ya Variables, chagua Render Variable, dataframe inakuja kama jedwali. Ukitaka ije yenyewe kila ikisimama, hapo ndo eksitensheni ina maana. Chukua extension-template (kiolezo cha eksitensheni) ya JupyterLab kwa copier, zana ya kunakili violezo, weka Node.js, halafu:

`pip install -e .`
`jupyter labextension develop . --overwrite`
`jlpm watch`

Jupyter yenyewe iwashe kwenye terminali nyingine, ukibadili kodi unarifreshi brauza tu.

mzee_wa_notibuku
Kidudu kimewaka!! Asanteni sana. Dada, sasa nitajuaje kodi imesimama?

dada_wa_taipskripti
Plagini yako (kodi ya eksitensheni) iombe tokeni `IDebugger`, yaani jina la kuombea huduma ya debaga, sikiliza ishara yake ya `eventMessage`, ikija `stopped` ita `inspectRichVariable` ukiipa jina la variable na id ya fremu (pale kodi iliposimama). Fremu ipo `model.callstack.frame`, ila inachelewa kidogo kujaa, kwa hiyo bora usikilize `currentFrameChanged` badala ya kukimbilia kusoma hapohapo.