Mnaouza programu za seva, acheni kusema mfumo wenu wa kuingia "unabadilishika" wakati haubadilishiki!

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na nimeukusudia.

Tulinunua programu ya wavuti kwa kampuni moja, na kabla ya kulipa tuliwauliza swali moja tu. Je, tunaweza kuuondoa mfumo wenu wa kuingia tukaweka wa kwetu? Watumiaji wetu wote wamo kwenye saraka ya LDAP, yaani orodha moja ya pamoja yenye akaunti na nywila zao, hatutaki kila mtu awe na nywila ya pili. Jibu likaja bila kigugumizi: mnabadilisha mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, kazi imekwisha.

Mstari tumeubadilisha. Watu wanaingia kwa LDAP, kila mtu kafurahi. Halafu nikafungua msimbo kuusoma. Ukurasa wa kuingia ndio peke yake unaopita kwenye moduli mpya ya LDAP! API ya simu, yaani njia ambayo programu ya simu huongea na seva, ina kipande chake cha kulinganisha nywila, kimenakiliwa kutoka kwingine pamoja na makosa yake. Ukurasa wa kubadilisha nywila unaandika moja kwa moja kwenye jedwali lao la zamani, wala hauna habari kwamba LDAP ipo. Hii ni rangi mpya juu ya ukuta wenye nyufa.

Lililonichefua kuliko yote ni hili. Mfanyakazi kaacha kazi, akaunti yake imefungwa kwenye LDAP. Anajaribu kuingia, LDAP inamkataa. Programu inaishia hapo? Wapi! Inashuka kwenye jedwali la zamani, inaikuta nywila yake ya mwaka juzi, inamfungulia mlango. Kwao "huyu nimemkataa" na "huyu simfahamu" ni jibu moja. Jamani, hili si jambo geni. Sun Microsystems walileta PAM, mfumo wa kupanga moduli za uthibitishaji zinazobadilishika, mwaka 1995, na leo kwenye Linux ukiipa moduli neno requisite, ikishindwa tu safari imeishia hapo, zinazofuata haziulizwi. Django, kiunzi cha kutengenezea programu za wavuti, nayo hujaribu njia za uthibitishaji kwa zamu, lakini njia mojawapo ikitoa PermissionDenied, zamu inakatwa papo hapo. Yote yameandikwa kwenye nyaraka, bure, kwa yeyote anayetaka kusoma. Na hawa wanalipwa!

Tukasema basi, tutumie OpenID Connect, kiwango cha kuingia kwa akaunti inayothibitishwa na seva nyingine. Huko nako wanamtambua mtu kwa barua pepe yake. Viwango vya OpenID Connect vya mwaka 2014 vinasema waziwazi kwamba cha kutegemea ni iss (nani kamthibitisha) na sub (kitambulisho chake huko) vikiwa pamoja, na barua pepe isitumike kumtambulisha mtu. Sababu inaeleweka. Mtu anaondoka, anwani yake anapewa mgeni mwenye jina kama lake, na mgeni akiingia mara ya kwanza anakuta faili zote za mwenzake zinamsubiri.

Nilipolalamika, huduma kwa wateja wakanishauri niweke proksi mbele, yaani seva ya kupokea maombi kabla hayajafika kwenye programu, ithibitishe yenyewe kisha ipeleke jina la mtumiaji kwenye heda (mstari wa maelezo unaoambatana na ombi) ya X-Remote-User. Nikaweka. Kisha nikaingia kwenye mashine nyingine ya mtandao wetu wa ndani, nikaita poti ya programu moja kwa moja kwa curl, zana ya kutuma maombi ya wavuti kwa amri, heda nimeiandika mwenyewe: X-Remote-User: admin. Nikapokelewa kama msimamizi mkuu! Hakuna orodha ya proksi zinazoaminika, hakuna siri ya pamoja, hakuna chochote. Poti nimeifunga kwa faya-woli usiku ule ule, lakini ushauri wa namna hii mteja wa kawaida ataufuata na kulala usingizi akidhani yuko salama.

Tunachodai si kikubwa. Mlango uwe mmoja, na kila sehemu ya programu ipite hapo: wavuti, API, kazi za usiku, zote. Moduli ijibu ndiyo, hapana, au simfahamu, na hapana iheshimiwe. Njia ya zamani tukiizima, izimike kweli. Na akaunti ikifungwa, sesheni zake zilizo wazi zife, maana sasa hivi kuki ya mtu aliyefukuzwa, ile alama ya kuingia iliyobaki kwenye kivinjari chake, inaendelea kufanya kazi mpaka muda wake uishe.

Nimewaandikia tena, wananijibu kwamba "maoni yako yamepokelewa". Mdau aliyewahi kuung'oa mfumo wa namna hii kwenye programu iliyokwishaanza kutumika, ulianzia wapi? Jedwali la watumiaji ulilihamisha kwanza au ulianza na sesheni?