Siku kumi Guangzhou na mama mwenye kisukari: tule wapi, tunywe nini?

Binti wa Tanga

Assalaam aleikum, na heri kwenu nyote wanajukwaa. Mwezi wa Oktoba, Mungu akijalia, nitasafiri kwenda Guangzhou, China, kwa ajili ya awamu ya pili ya maonyesho ya biashara yaitwayo Maonyesho ya Canton, ile ya vyombo vya nyumbani, inayoanza tarehe 23 hadi tarehe 27, kisha tutabaki siku chache kuzunguka masoko ya jumla. Nitaongozana na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 64, ambaye ndiye aliyeanzisha biashara yetu ya sufuria na sahani hapa Tanga, na ambaye miaka yote hii ameagiza mzigo kwa simu bila kukiona kiwanda hata kimoja kwa macho yake.

Ninaloomba ushauri ni chakula. Sisi ni Waislamu na mama hana mzaha katika suala la halali. Zaidi ya hapo ana kisukari, anajidunga sindano asubuhi na jioni, kwa hiyo hawezi kukaa na njaa wala kula chochote kitakachojitokeza. Jirani yetu aliyekwenda huko alituambia kwamba aliishi siku saba kwa biskuti na mayai ya kuchemsha, na tangu siku hiyo mama amekuwa akisema bora nimwache. Sitaki kumwacha. Tutafikia hoteli ya karibu na Xiaobei. Pia mama ni mpenzi mkubwa wa chai, na tumesikia kwamba mji ule una desturi ya chai ya asubuhi. Ningependa aipate walau mara moja.

Mzee Kontena

Wa aleikum salaam, binti yangu, na umfikishie mama salamu zangu. Nimekuwa nikienda Guangzhou tangu mwaka 2006, na kwanza nikutoe hofu: mmechagua mahali pazuri pa kufikia. Xiaobei, iliyo kwenye njia namba 5 ya treni ya chini ya ardhi, ni mtaa ambao Waarabu, Waturuki, Wasomali na watu wa Mali wamekula kwa miaka mingi kabla yenu, pamoja na Waislamu wa China wenyewe, yaani Wahui na Wauighur. Jifunzeni maandishi mawili tu: 清真. Hutamkwa takriban "chingjen", na ndiyo maana ya halali kwa Kichina. Mara nyingi mtayaona kwenye kibao cha kijani, yakiwa na Kiarabu pembeni. Mkiyakosa, msimtegemee mhudumu anayeitikia kila mnachomuuliza, kwa sababu pengine hakuelewa swali.

Chakula cha kila siku kitakuwa tambi za kuvutwa kwa mkono. Maduka yake ni madogo, mengi ni ya Wahui waliotoka majimbo ya Qinghai na Gansu, na bakuli la tambi zenye nyama ya ng'ombe huwa kati ya yuan 15 na 25. Simameni karibu na jiko mkamtazame kijana anavyoshika donge la unga, analivuta kwa upana wa mikono yake, analikunja, analipiga mezani, analivuta tena, na kabla hujahesabu hadi ishirini donge lile limekuwa nyuzi nyembamba zinazotumbukizwa kwenye maji yanayochemka. Juu humiminwa supu, vipande vya figili, giligilani, na mafuta ya pilipili. Asiyetaka pilipili aseme "bu yao la".

Kwa mlo wa jioni nendeni kwa Wauighur. Mishikaki ya kondoo yenye bizari nyembamba, mkate wa tanuri, na wali wanaouita polo. Jina hilo ni ndugu wa neno letu pilau, na mama akiuona hatahitaji kuambiwa. Tena Ijumaa mkaswali kwenye msikiti wa Xianxian, karibu na bustani ya Yuexiu, penye kaburi ambalo Waislamu wa China wanalinasibisha na Saad bin Abi Waqqas, swahaba wa Mtume. Kila Ijumaa niliyoswali pale, wauzaji walikuwa nje na majiko yao ya mkaa, na nilikula vizuri kuliko katika mkahawa wowote.

Ukwaju

Ndugu mwandishi, Mzee amesema kweli, lakini ningesikitika mkikaa siku kumi bila kutoka Xiaobei, kwa kuwa Guangzhou ni mji ambao Wachina wenyewe husafiri kwenda kula. Kuhusu chai ya asubuhi, nendeni Tao Tao Ju, iliyoanza mwaka 1880, au Mkahawa wa Guangzhou ulioko barabara ya Wenchang Kusini, uliofunguliwa mwaka 1935. Wazee huanza kuingia mapema asubuhi, wanafungua magazeti yao, na meza moja inaweza kukaliwa hadi karibu na adhuhuri bila mtu kufukuzwa.

Mtaulizwa kwanza mnataka chai gani, kabla ya chakula. Ile chai ya kwanza wenyeji hawainywi, bali huitumia kusuuza vikombe na vijiti, na maji hayo humwagwa kwenye bakuli lililowekwa kwa kazi hiyo. Mtu akikumiminia, gonga meza taratibu kwa vidole viwili kuwa ndiyo shukrani yako. Birika likiisha, acheni kifuniko kikiwa nusu wazi, na mhudumu atakuja kuongeza maji bila kuitwa. Chakula huja katika vikapu vidogo vya mianzi vyenye mvuke, kila kikapu kikiwa na vitonge vitatu au vinne. Ningependekeza vitonge vya kamba, vilivyofungwa kwa ngozi nyembamba nyeupe ya unga inayoonesha kilichomo ndani, kwa sababu havina nyama.

Msomi wa Ximenkou

Samahani, ndugu Ukwaju, maelezo yako kuhusu chai ni mazuri sana, ila hapo mwisho ninalazimika kukupinga, kwa kuwa mwulizaji ameeleza wazi msimamo wa mama yake. Niliishi Guangzhou miaka minne nikiwa masomoni. Vile vitonge vya kamba, kwa mapishi ya asili, huchanganywa vipande vidogo vya mafuta ya nguruwe ili kamba wasikauke. Keki ya figili huwa na soseji ya nguruwe iliyokatwakatwa. Hata vile vitobosha vya mayai vinavyoonekana kama vya mkate tu, unga wake mara nyingi hukandwa kwa mafuta hayohayo. Mimi mwenyewe nilivila muhula mzima nikidhani niko salama, na siku niliyoelezwa na mwenzangu wa chumbani sikulala vizuri.

Njia ipo, na watu wetu wengi hawaijui. Katika eneo la kituo cha Ximenkou, njia namba 1, kuna msikiti mkongwe wa Huaisheng wenye mnara mweupe wa mviringo unaokaribia mita 36, na mwendo mfupi kutoka hapo kuna mahekalu mawili ya Kibudha, Guangxiao na Liurong. Palipo na hekalu pana waumini wasiokula nyama, na palipo na waumini hao pana mikahawa yenye maandishi 素, ambayo haitumii nyama, mafuta ya mnyama, wala kitunguu saumu, na Wabudha wenye kushika dini huepuka pombe pia. Tafuteni mkahawa wa namna hiyo unaotoa chai ya asubuhi. Mtapata birika, vikapu vya mianzi, karatasi nyembamba za mchele zilizokunjwa na kujazwa uyoga, na desturi zote alizozieleza ndugu Ukwaju, bila mama kuuliza kila tonge limetoka wapi. Kwa kuwa ni jikoni kwa watu wa dini nyingine, uamuzi wa mwisho ni wa mama.

Ukwaju

Nimekubali, na ninashukuru kwa kunisahihisha. Mimi si Mwislamu na sikuwahi kuuliza kilichomo ndani.

Mama wa Vitenge

Mwanangu, nina kisukari kwa mwaka wa kumi na mbili sasa na nimekwenda China mara tano, kwa hiyo nitazungumzia hilo tu. Guangzhou iko mbele ya Tanga kwa saa tano. Kabla hamjaondoka, mpeleke mama kwa daktari wake mkiwa na ratiba ya ndege mkononi, awapangie sindano na milo ya siku ile ya safari, msipange wenyewe.

Mkishafika, jihadharini na tambi. Bakuli ni kubwa, na mama akilimaliza lote sukari itapanda. Mimi huagiza bakuli moja kwa watu wawili, kisha naongeza sahani ya nyama na sahani ya mboga za majani, ambazo kule huzichemsha kidogo tu na kuzileta zikiwa bado mbichimbichi na kijani kabisa. Mayai yaliyokaangwa na nyanya yapo karibu kila mkahawa, nayo ni mepesi kwa mtu mzima, ila waambieni wasitie sukari, maana wapo wanaoitia. Tofu nayo itamfaa.

Vinywaji ndivyo vilivyonisumbua. Chai za chupa madukani nyingi zina sukari, hata zile zenye picha ya majani mabichi. Tafuteni maandishi 无糖, yaani bila sukari. Maji ya bomba msinywe, lakini maji ya moto mtayapata kila mahali, kuanzia hoteli hadi uwanja wa ndege, kwa hiyo mama achukue chupa ya chai isiyopoza pamoja na majani yake mwenyewe. Mtaona pia vibanda vinavyouza chai chungu ya mitishamba, ambayo wenyeji huinywa kupoza mwili kwa sababu ya joto la mji ule. Mtu anayetumia dawa asiinywe bila kujua kilichomo. Na siku za maonyesho, kuleni kabla ya saa sita mchana. Ikifika saa sita foleni ni ndefu, na mgonjwa wa sukari hasubiri foleni. Mkobani mwake kuwe na tende daima, sukari isije ikashuka ghafla.

Fundi Mizani

Nyongeza mbili. Malipo karibu yote ni ya simu, kwa hiyo sajilini programu ya malipo ya Alipay mkiwa bado nyumbani, muiunganishe na kadi ya Visa au Mastercard, kwa sababu namba ya kuthibitisha itatumwa kwenye laini yenu ya hapa. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayatozwi ada ya kadi ya kigeni. Yakizidi hapo ni asilimia 3. Bebeni noti ndogondogo pia. La pili, samaki na kamba wanaochaguliwa wakiwa hai ndani ya matangi, bei iliyoandikwa si ya samaki mzima, ni ya jin moja, ambayo ni gramu 500. Mimi nilichagua samaki mmoja nikidhani nimeona bei yake, nikaja kulipa mara tatu ya hiyo. Ulizeni uzito kabla hajapelekwa jikoni.

Binti wa Tanga

Shikamooni wazee wangu, na nawashukuru nyote. Tumerudi wiki iliyopita, na nimeona ni haki yenu nilete majibu.

Mama hakulala na njaa hata siku moja. Asubuhi alikula mayai na mkate wa tanuri, mchana tuligawana bakuli la tambi kama alivyoelekeza Mama wa Vitenge, na kipimo chake cha sukari kilipanda mara moja tu, siku alipokunywa maziwa ya soya ambayo hatukujua kwamba yalikuwa yametiwa sukari. Chai ya asubuhi tuliinywa kwenye mkahawa wa wasiokula nyama, si mbali na Liurong. Mama alifikiri kwa muda, akauliza maswali mawili kwa programu ya tafsiri ya simu, akaridhika, akakaa pale saa mbili na nusu na birika la chai ya asumini. Kila mhudumu alipomimina, aligonga meza kwa vidole viwili. Fahamuni kwamba chai hulipiwa kwa kichwa, hata kwa yule ambaye hakunywa.

Lakini alichokipenda kuliko vyote ni polo. Jioni ya tatu aliinuka mezani akaenda kusimama kwenye mlango wa jiko la yule Mwuighur, na yule bwana, badala ya kumwondoa, akamsogezea kigoda. Aliona nyama ikitangulia kwenye mafuta hadi ikapata rangi, kitunguu kikafuata, kisha karoti nyingi zilizokatwa kama njiti, ndipo mchele. Mama alinivuta mkono akaniambia nimuulize kwa nini kitunguu hakikutangulia. Yule bwana alicheka, akajibu kwamba ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Tangu turudi ameshaipika nyumbani mara mbili, nyama mbele na karoti za kutosha, ila iliki na mdalasini amekataa kuviacha.