Nani kamwambukiza Baba Mkubwa?

Shangazi Mwajuma: Asalaam alaykum. Majibu ya Kaka yametoka, ni TB. Mie nasema wazi, ni yule mpangaji wa chumba cha nyuma. Tangu aje anakohoa. Atoke.

Hamisi: Pole sana Baba Mkubwa 🤲🏾

Mama Mkubwa: Wifi, mpangaji ana miezi mitatu tu hapa kwetu.

Zainabu: Shikamooni. Nipo zamu hospitali, nimeona sasa hivi. Shangazi naomba asiguswe mtu kwanza.

Zainabu: TB haina haraka. Kijidudu cha kuhara kinagawanyika kila dakika 20, hiki kinachukua karibu saa 20. Ukikivuta kwa hewa kikafika ndani ya pafu, askari wa mwili wanakimeza. Vijidudu vingine vikimezwa vinasagwa, basi. Hiki kina ngozi kama ya nta, na kinazuia ile tindikali ya kusagia isikifikie. Kinaishi humohumo tumboni mwa askari.

Hamisi: Kwa hiyo mwili unashindwa?

Zainabu: Hapana. Unaita askari wengine, wanakizingira, panajengeka kama kifundo kidogo. Wengi hubaki hivyo maisha yote, hawakohoi wala hawaambukizi mtu. Kati ya walioambukizwa 100, wanaokuja kuugua ni 5 hadi 10.

Mama Mkubwa: Sasa kwake vimeamshwa na nini?

Zainabu: Nahofia ni sukari. Mwaka huu imempanda sana, na ikipanda wale askari wanazubaa, kizuizi kinalegea. Lile shimo mliloonyeshwa kwenye eksirei, vijidudu havikulichimba peke yao. Ni vita yenyewe, mwili ukivipiga unaunguza na pafu lake.

Baba Mkubwa: Wanangu. Mwaka 1988 nililala chumba kimoja na marehemu Athumani pale bandarini, akikohoa damu. Miezi minane. Sikuwahi kusema.

Hamisi: 😔

Zainabu: Baba Mkubwa, inawezekana ni huko. Inawezekana ni kwenye daladala mwaka jana. Kipimo cha makohozi hakisemi nani.

Shangazi Mwajuma: Jana nimemtukana yule kijana mbele ya watoto.

Zainabu: Shangazi, kesho mniletee wale wajukuu wawili, hawajafika miaka 5. Askari wao bado wachanga, kwao kijidudu huamka upesi, kinaweza hata kupanda ubongoni. Chanjo ya BCG waliyochomwa inapunguza hatari hiyo, haiimalizi. Wakionekana hawaumwi watapewa dawa za kinga. Na mpangaji aje. Kikohozi cha wiki mbili kinapimwa, awe nani.

Mama Mkubwa: Vyombo vya Baba Mkubwa wenu nivitenge?

Zainabu: Usitenge hata kijiko. TB haipiti kwenye sahani. Fungua madirisha, naye avae barakoa akiwa na watu ndani.

Shangazi Mwajuma: Nimemgongea. Nimemwomba radhi. Anauliza kesho saa ngapi.

Zainabu: Saa moja asubuhi. Makohozi ya alfajiri ndiyo mazuri.

Hamisi: Bajaji naleta mimi.