Tupeane uzoefu: besiboli ya mkononi, mnarushaje na mnapigaje?

Rungu la Usiku
Wakuu, heshima kwenu. Nacheza MLB The Show, gemu ya besiboli ya ligi kuu ya Marekani, kwenye Switch, kifaa mkononi, sio kwenye TV. Kurusha najitahidi, ila kupiga ni mateso. Fastboli, ule mpira wa kasi, naiona. Ikija chenjiapu, ule wa polepole, rungu limeshapita mpira bado uko njiani. Ikija slaida, ule unaokimbilia pembeni, chini nje ya boksi la straiki, nakata upepo. Waliopitia hii hali naomba uzoefu, wa kurusha na wa kupiga.

Beisi ya Tatu
Naweka kambi hapa. Hiyo slaida imenitesa tangu enzi za PSP.

Mdakaji Mkuu
Mkuu, mpira wa kwanza uache upite. Fastboli ya maili 95 kwa saa, kama kilomita 153, inamfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.4. Hapo hakuna muda wa kufikiria, lazima uwe umeshaamua unasubiri nini. Mimi nasubiri fastboli nusu ya juu ya boksi, basi. Kinachoanzia chini nakiacha mpaka nifikishe straiki mbili, maana ya tatu inakutoa. Zikifika mbili, gusa tu. Ukiupiga ukatoka nje ya mistari haihesabiwi straiki ya tatu, labda uwe umebanti, yaani umeusukuma tu bila kuzungusha rungu. Unapewa mwingine.

Kishale Juu
Hapana mkuu, hapo unampoteza mwenzio. Mtandaoni ukiacha wa kwanza kila mara watu wanakusoma, wanakuwekea fastboli katikati, unaanza na straiki ya bure. Wa kwanza ndio mtamu kuliko yote.

Mdakaji Mkuu
Anayezungushia kila kitu hana hata cha kusomwa. Aanze na kuacha.

Mama Homurani
Mnabishana na kioo hamjakigusa. Switch ya kawaida ina kioo cha inchi 6.2, huo mpira utauonaje? Ingia kwenye mipangilio ya kamera ya kupiga, chagua Strike Zone, boksi linasogea karibu. Na kama kidole hakitulii kwenye kijiti, achana na Zone, ile ya kulenga mpira kwa kijiti, weka Timing. Wewe unashughulika na muda tu, mengine yanaamuliwa na uwezo wa mchezaji. Halafu vua visikilizi vya Bluetooth, sauti inachelewa na inakuvuruga.

Beisi ya Tatu
Hili la kamera nakazia.

Auti Ishirini na Sita
Uzi huu umenitonesha kidonda. Nilikuwa narusha mchezo mkamilifu, hakuna mpigaji hata mmoja aliyekanyaga beisi ya kwanza. Kwenye ligi kuu ya Marekani yenyewe, tangu karne ya 19, hadi 2023 ilikuwa imetokea mara 24 tu. Raundi ya tisa, ya mwisho, auti mbili (wapigaji wawili wameshatolewa), jumla watu 26 wamerudi kukaa. Natumia Pinpoint, ile njia ya kurusha kwa kuchora mchoro kwa kijiti cha kulia. Nguvu ya mrushaji wangu imebaki kipande chekundu na mipira imeanza kukataa kutua ninapolenga.

Akaingia wa 27, mpigaji wa akiba, mkono wa kushoto. Mrushaji wangu ni wa kulia, kwa hiyo slaida ingemwendea huyo ndani, anakoipenda. Nikampa chenjiapu chini nje, akakata upepo. Nikarudia, akaitazama, boli, yaani ilitua nje ya boksi. Fastboli juu, akaigusa ikatoka nje. Akaacha mbili zaidi, tukafika boli tatu straiki mbili. Nikaweka kifaa mapajani, nikafuta viganja kwenye suruali, nikakishika tena. Fastboli, kona ya ndani chini. Mchoro safi, muda safi. Akaupiga kinyonge, mpira unadunda, walinzi wa beisi ya kwanza na ya pili wakajirusha wote wawili, ukapenya kati ya glovu zao. Nilikizima kifaa palepale. Sikukigusa kwa muda mrefu.

Beisi ya Tatu
Aisee. Pole sana mkuu.

Mdakaji Mkuu
Pole, lakini nguvu imekuwa nyekundu, kwa nini hukumtoa?

Mama Homurani
Umtoe mtu aliyebakiza auti moja?! Mdakaji, wewe huna huruma.

Mdakaji Mkuu
Mrushaji wa ligi kuu Clayton Kershaw alitolewa 13 Aprili 2022 akiwa amemaliza raundi 7 bila mtu kufika beisi, karusha mipira 80 tu. Kocha aliangalia afya ya mkono wake. Na timu ilishinda.

Mama Homurani
Huo ni mkono wa binadamu, huu ni upau kwenye kioo. Usifananishe.

Kishale Juu
Aliyeumizwa kweli ni mrushaji Armando Galarraga, 2010, naye akiwa amebakiza auti moja. Mpigaji wa 27 alikuwa auti, mwamuzi akasema amefika. Baadaye mwamuzi mwenyewe alikiri na kumwomba radhi.

Auti Ishirini na Sita
Afadhali yeye alikuwa na wa kumlaumu.

Rungu la Usiku
Jamani, mada. Chenjiapu yangu je?

Kidole Gumba
Nakujibu mkuu. Chenjiapu inarushwa kwa mzungusho uleule wa mkono kama fastboli, ila inakuja polepole, ndiyo maana inakulaza. Usihangaike na mkono, tazama mpira wenyewe hatua za mwanzo. Kevu, ule mpira unaopinda, inaanza kwa kupanda kidogo kabla ya kuporomoka, ukiona ule mnyanyuko, zuia rungu. Slaida ya mrushaji wa kulia inamkimbia mpigaji wa kulia, basi weka wapigaji wa kushoto, itawajia ndani badala ya kuwakimbia. Kwenye kurusha geuza hayohayo: fastboli juu, inayofuata chenjiapu chini, na usirudie aina moja mahali pamoja. Boli zikiwa tatu kila mtu anasubiri fastboli. Mpe kitu kingine kama mrushaji wako anakiamini.

Kishale Juu
Ndio maana mimi bado nina Baseball ya Game Boy, 1989. Mishale na vitufe viwili, kwisha habari.

Rungu la Usiku
Asante Kidole Gumba, nimekupata. Na Pinpoint kwa vijiti vifupi vya Joy-Con, vile vidhibiti vya Switch, inawezekana kweli? Mchoro wangu unakatikia njiani.

Auti Ishirini na Sita
Inawezekana, ila kidole kikichoka mchoro unapinda na mpira unaangukia katikati. Mimi raundi za mwisho nahamia Meter, njia nyingine ya kurusha. Ni kitufe kimoja, na mkono ukitetemeka hakipotei.