Muguka: mtu wa Embu tumshawishi kwa uchungu wetu au kwa wake?

Mwana wa Kibokoni
Wenzangu, naleta swali, nawaomba mjibu hilo hilo. Mei 2024 gavana wetu Abdulswamad Nassir alipiga muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa yanayolimwa Embu, marufuku Mombasa; Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Haikuchukua muda, Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha, na Rais akasema haina nguvu kwa kuwa sheria ya nchi yalitambua zao hilo. Haya ya mahakama tuyaache. Langu ni jinsi tulivyosema. Sote tulilia: vijana wetu waharibika, dini yakataza, mji waoza. Kwangu yote kweli. Lakini mzee wa Siakago, kule Embu, aliyesomesha watoto kwa muguka alisikia nini? Alisikia "wewe muuza sumu".
Kuna wasomi wawili, Matthew Feinberg na Robb Willer, walichapisha utafiti 2015 kuhusu Wamarekani. Waliona kwamba ukitaka kumgeuza mtu wa siasa nyingine, hoja yako ijengwe juu ya kile anachokithamini yeye. Na walipowaambia watu waandike maneno ya kumshawishi mpinzani, waliofanya hivyo hawakufika hata mmoja kwa kumi. Kila mtu ahubiri lililo moyoni mwake. Mimi naona tungemwendea mkulima kwa heshima ya kazi na usalama wa shamba lake. Mwaonaje?

Ngamia wa Likoni
Yaani tumbembeleze? Wao lini walituuliza sisi twathamini nini? 2019 mizigo ya bandari yetu ililazimishwa kupanda reli mpaka bara, madereva na makarani wakakaa vibarazani bila kazi. Hakuna aliyekuja kutuzungumza kwa heshima ya kazi. Mpaka 2022 ndipo tukarudishiwa. Na tusidanganyane, wanaouza muguka hapa mjini wote ni watu wa bara, wachuma wakajenge kwao.

Binti Mtopanga
Wote? Mamangu Mgiriama, mtu wa pwani hii hii, ana meza ya muguka hapa Mtopanga. Meza hiyo ndiyo iliyonilipia karo. Bara gani hiyo unayompeleka?

Abu Twalha
Kibokoni, nakuheshimu, lakini haramu haibembelezwi. Kinachoniuma mimi ni nafsi ya kijana anayekesha akitafuna, alfajiri yampita, mke amwangalia. Nikienda kwa mkulima nikamwambia shida yangu ni soko lake, nitakuwa nimemficha ninachokiamini. Kumshawishi mtu kwa jambo ambalo mimi mwenyewe silijali ni hadaa, hata kama lafaulu.

Ngamia wa Likoni
Binti, mamako sikumtaja. Nasema wale wenye magari yanayokimbizwa usiku kucha kama ya wagonjwa.

Binti Mtopanga
Ulisema wote, kaka. Maandishi yako hayo hapo juu. Sasa umehamia kwenye magari.

Mwana wa Kibokoni
Abu Twalha, hoja yako nzito, nami naijibu. Wasomi hao hao 2013 waliwachunguza Wamarekani wahafidhina, ambao mazungumzo ya mazingira huwa hayawagusi. Walipoelezwa uchafu, yaani msitu ulionajisiwa na maji yasiyo safi, msimamo wao ulilegea. Hakuna aliyedanganywa, maji kweli ni machafu. Na katika ule wa 2015, wapenda usawa waliambiwa jeshi humpa mtoto wa maskini nafasi ya kusimama sawa na wenziwe, wakaanza kulitazama jeshi vingine. Jambo moja lina milango mingi, na mlango wa mwenzako nao ni wa kweli. Kijana akipotea Mombasa, baba wa Mbeere, huko Embu kwenye muguka, naye ni baba.

Mzee wa Changamwe
Mwajisumbua na Marekani. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, yaipa kaunti kazi ya kudhibiti dawa za kulevya. Limeandikwa.

Mkulima Mbeere
Mzee, salamu. Nimesoma kimya tangu mwanzo. Limeandikwa pia kwamba miraa ni zao, limo chini ya Sheria ya Mazao, na kanuni za 2023 zaitaja muguka. Kwetu mvua ni ya kubahatisha. Mahindi hukauka yakiwa ya magoti, muguka husimama. Uingereza ilipofunga miraa ya Meru mwaka wa 2014 tuliona majirani walivyoumia, kwa hiyo nikisikia marufuku tumbo hunikatika. Aliyeniambia mwanawe amekuwa mwizi, nilimhurumia. Lakini sikung'oa hata mti mmoja, maana hakuniuliza nitakula nini. Kibokoni angekuja na swali hilo ningempa kiti. Hata Abu Twalha ningempa, maana asema analoliamini. Asiyepata kiti kwangu ni Likoni.

Ngamia wa Likoni
Nimekukosea nini mimi? Mkuki kwa nguruwe! Bandari ikifungwa kwetu ni maendeleo ya taifa, soko likifungwa kwenu ni njaa.

Mkulima Mbeere
Sikusema ile ya bandari ilikuwa haki. Hukuniuliza.

Binti Mtopanga
Na mimi nasubiri. Mamangu hulipa ushuru wa meza kila asubuhi, mwaula nyote humu, kisha mwamwita mgeni kwao alikozaliwa. Mashekhe, waheshimiwa, hakuna hata mmoja aliyemwuliza angependa kuuza nini badala yake.

Ngamia wa Likoni
Haya, angependa kuuza nini?

Binti Mtopanga
Ondoa kwanza lile neno "wote".

Abu Twalha
Ngamia, liondoe, ndugu yangu. Umemjeruhi mtoto wa watu.

Mkulima Mbeere
Mimi nimepanda ndengu pia, zile nyinyi mwaziita pojo. Zastahimili ukame. Mombasa mwala pojo mwaka mzima, lakini zangu huchukuliwa na dalali kwa bei anayoipanga mwenyewe. Muguka hulipwa papo hapo, kila mavuno. Tofauti ni hiyo tu.

Mzee wa Changamwe
Hilo sasa ni neno. Gunia la kilo 90 mwauzaje shambani? Na nauli mpaka soko la Kongowea hapa Mombasa ataibeba nani, wewe au mnunuzi?