Trela mbili za muvi, safari ya Dar moja: tufuate ipi?

Mwana_Uyole: Wakuu za jioni, naomba ushauri maana huku home tumegawanyika. Mimi na mdogo wangu na washkaji wengine hapa Mbeya tunajichanga twende Dar tukaone muvi kwenye ukumbi wa ukweli, sio laptop sio banda, hatujawahi. Hela inatosha safari moja tu mwaka huu. Kuna The Odyssey ya Christopher Nolan inatoka 17 Julai 2026, na kuna Avengers: Doomsday, ile ya mashujaa wa Marvel, 18 Desemba. Trela la Odyssey limenishika vibaya, lile farasi la mbao ufukweni, bahari, Matt Damon anataka kurudi kwao tu, na hawaelezi sana. Dogo yeye ni Doomsday kufa na kupona, na aliyoyaona ni vitrela vifupi tu, kile cha Steve Rogers, yaani Captain America, anafika na pikipiki halafu kabeba mtoto, basi, lakini kakirudia mpaka bando limekata. Sasa trela linatosha kumpandisha mtu basi kilomita zaidi ya 800? Nyie mnaangalia nini mpaka mnasema hapa hela yangu inatoka?

Banda_Mbalizi: Mkuu mimi nina banda, huwa naweka trela kabla mechi haijaanza. Kelele usizihesabu, mlipuko wowote unapigiwa kelele. Wakinyamaza wote halafu mmoja akauliza "hii inatoka lini", hiyo ndo muvi.

Dada_Igumbilo: Kaka Mwana_Uyole, kwanza ujue trela mara nyingi hakati dairekta, kuna kampuni kazi yao ni hiyo tu, na muziki unaokusisimua pale unaweza usiusikie kabisa kwenye muvi. Na mwambie dogo hao ndugu Russo, madairekta wa Doomsday, ndo haohao wa Avengers: Infinity War ya 2018, trela lilimwonyesha Hulk, lile jitu la kijani, anakimbia na wenzake Wakanda, muvi inatoka Hulk pale hayupo, ni Banner, yaani Hulk akiwa mtu wa kawaida, ndani ya lile li-suti la chuma. Walifanya makusudi kuficha hadithi na mimi siwalaumu, ila ndo ujue unachokiona sio lazima ukikute. Kuna jamaa wawili Marekani walikodi muvi ya Yesterday kwa dola 3.99 kila mmoja sababu muigizaji Ana de Armas yumo kwenye trela, kumbe kwenye muvi walishamkata, wakaishtaki Universal, kampuni iliyoitoa, mwaka 2022 na jaji akakubali kwamba trela ni tangazo la biashara, sheria ya matangazo ya uongo inaligusa.

Kyela_Damu: Dada hayo sawa lakini dogo haendi kukagua trela, anaenda kuwaona watu aliokua nao. Robert Downey Jr, yule wa Iron Man, karudi, safari hii ndo adui mwenyewe, Doctor Doom. Odyssey ni hadithi ya Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, ya maelfu ya miaka, mtoto atasinzia mkose vyote. Mpeni Desemba yake.

Dada_Igumbilo: Kyela_Damu nakuelewa kabisa, ila fikiria safari yenyewe. Odyssey imepigwa yote kwa kamera za IMAX, zile za skrini kubwa kabisa, ile ukiiona kwenye simu umeonja tu. Doomsday hata ikifika bandani watu wakashangilia pamoja raha yake ipo. Mimi huwa naangalia trela mara ya pili nimezima sauti. Muziki ukitoka ndo unaona kama picha zenyewe zina kitu au ulikuwa unasukumwa na ngoma. Jaribuni hilo wote pamoja kabla hamjakata tiketi.

Mwana_Uyole: Dada asante sana, tumejaribu usiku huu tukiwa wote sebuleni. Kile cha Rogers bila sauti dogo bado kakipenda, siwezi kumdanganya mtu hapa. Ila kwenye Odyssey kanyamaza, halafu kauliza "kwani ndani ya hilo farasi kuna watu?" nikaanza kumsimulia vita ya Troy hadi mama akaja kutufukuza tukalale. Yeye mwenyewe ndo kasema mwezi wa saba. Sasa twende wiki ile ile inayotoka au tusubiri?

Banda_Mbalizi: Hahaa si nilikwambia kunyamaza.

Dada_Igumbilo: Msisubiri sana, kumbi zinapanga ratiba upya kila wiki na skrini kubwa wanaipa muvi inayofuata. Pigeni simu ukumbini kwanza muulize saa na skrini, ndo mkate tiketi ya basi, na mchague siku ya katikati ya wiki mpate viti vizuri. Mkipita Igumbilo mnipungie.