Naomba ushauri: lazima shujaa wangu apoteze mtoto ndipo apate nguvu?

Habari za leo wanajamvi. Naandika riwaya ya kimaajabu. Mhusika mkuu ni mshona matanga wa Pemba anayeweza kuuita na kuuzuia upepo wa kusi. Mhariri anayenisaidia amesoma sura za mwanzo, akasema nguvu kubwa hivyo haiji bure: mimba yake iharibike, na mume amwache. Moyo wangu unakataa ila hoja ya kumjibu sina. Nisaidieni.

JichoLaPwani: Kataa dada! Mwangalie Daenerys, mama wa majoka katika tamthilia ya Game of Thrones. Majoka hayakuanguliwa mpaka mume na mtoto wake wamekufa. Halafu mwaka 2019, baada ya misimu minane ya kukipigania kiti cha enzi, wakamfanya auteketeze mji mzima, kisha akauawa kwa kisu na mwanamume aliyempenda. Niliumia sana, na bado naumia.

Msomaji_Usiku: Mimi nasema bei ibaki, maana nguvu isiyogharimu chochote haina hadithi. Wanaume nao hulipa. Frodo, shujaa wa riwaya ya Tolkien, The Lord of the Rings, alipoteza kidole, na majeraha yakamnyima raha ya kuishi tena kwao. Ila hakuna aliyemtaka achague kati ya safari na uzazi. Katika kisa hichohicho Éowyn, mwanamke mpiganaji, anamuua mfalme wa Nazgûl, vizuka vya adui, na muda si mrefu anaapa kuacha upanga, anachumbiwa. Wapo wanaosema hapo amepona, kwa kuwa vitani alikuwa akitafuta kifo. Sawa, lakini Aragorn, shujaa mwenzao, alipata kiti cha enzi na mke, na upanga akabaki nao.

Bi_Mwanaisha: Mwanangu, mimba kuharibika si malipo ya kitu chochote. Sisi yaliyotufika tukisoma hivyo tunaona kama tumehukumiwa. Bei itoke kwenye upepo wenyewe. Kusi ndio uliokuwa ukiyapeleka majahazi Arabuni na Bara Hindi. Akiuzuia, mizigo ya nani itaozea bandarini? Watu watamjia mlangoni kudai, wengine damu yake, naye itabidi aamue amsikilize nani. Huko kwa mhariri wako msichana haamui lolote, anaangukiwa tu.

Mleta uzi: Shikamoo mama. Nimepata hoja, ahsante sana. Na mume je, abaki?

Bi_Mwanaisha: Marahaba. Abaki, na awe nahodha.